Jembe la Siku ya Mwisho

"Mama Elias, kama dunia iko inaisha Jumamosi, hiyo jembe ni ya nini?"

Aliyeuliza ni Kadidja, jirani yetu hapa Musinzira, mjini Gitega, muuza vitenge. Aliyeulizwa ni Gaudensia, mama yake Elias, ambaye nasali naye jumuiya moja tangu tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania. Alikuwa amekaa mlangoni kwake anakaza mpini, wala hakuinua kichwa.

"Kule majani yatakuwa yamefunika," akajibu.

"Kule wapi? Mbinguni?"

Tulicheka, naye akacheka kidogo.

Mwaka ule mhubiri mmoja mgeni alikuwa amewaambia watu kwamba Bwana anarudi Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Wafuasi wake wangemngojea juu ya kilima huko Ryansoro, wamevaa nyeupe. Padri wetu alishatuonya kuwa siku hiyo Mungu hakumpa mtu kuijua, na mimi neno hilo lilinituliza. Gaudensia halikumtuliza. Lakini kilimani hakutaka kwenda. Alitaka siku hiyo imkute Ngara, ng'ambo ya mpaka, kwenye makaburi ya kambi yetu ya zamani, kwa sababu ndiko alikolala Pili.

Pili ni binti aliyemfuata Elias. Malaria ilimchukua akiwa na miaka minne. Sisi tuliokaa nao kambini tunakumbuka alivyokuwa akiamka: akifumbua macho asimwone mama yake, alilia mpaka sauti ikakauka.

"Wafu wakifufuka," Gaudensia aliniambia, "watu wazima watajua waende wapi. Huyu ataamka ananitafuta. Na mimi niko Gitega?"

Nilimwambia nitamsindikiza.

Asubuhi ya safari Kadidja alikuja na kitenge cha manjano, akakiweka juu ya kifurushi. "Mi dini yangu si ya kwenu," alisema, "lakini mtoto hawezi kuamka bila nguo. Hii haina saizi. Kama bado ni mdogo utamfunga, kama amekuwa mkubwa atajifunga mwenyewe."

Tulilala Mwakiro kwa kaka yangu, na Ijumaa tukavuka mpaka. Mahali pa kambi sasa ni mashamba. Gaudensia alizunguka katikati ya mabua ya mahindi akiutafuta mti mkubwa uliokuwa alama yake, na mti haukuwepo tena. Alianza kutembea haraka haraka, huku na huku, jembe begani. Ndipo akatokea mzee mwenye shamba, jina lake Nazario.

"Mmepotelewa na nini, mama zangu?"

Tulipomweleza, alitupeleka hadi kwenye kichaka kilichobaki katikati ya shamba lake. "Hapa sijawahi kulima," alisema. "Niliona mawe yamepangwa, nikajua hawa ni watu."

Gaudensia aliingia akitenga majani kwa mikono. Siku ya mazishi hatukuwa na msalaba, kwa hiyo alikuwa ameng'oa mafiga yake jikoni, yale mawe matatu ya kupikia, akayaweka kaburini, upande wa kichwa cha mtoto. Aliyakuta. Alipalilia mpaka jioni, na jamaa za Nazario wakatulaza kwao.

Jumamosi tulirudi kaburini mapema. Alikunjua kitenge magotini, akakaa. Tulisali rozari, tukasali tena. Jua lilipanda, likaanza kushuka. Nazario alituletea viazi vya kuchemsha, akachuchumaa kando.

"Bado?" aliuliza kwa upole.

"Bado," Gaudensia akasema.

Tukala.

Jua lilipozama niliogopa kumtazama. Alikunja kitenge vizuri, kona kwa kona. Kisha akainama, akapigapiga udongo polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto mgongoni.

"Basi lala tu," alisema. "Lala, mama."

Tuliporudi tulisikia kwamba mhubiri alisema amekosea hesabu, akataja siku nyingine. Wengi walishuka kilimani wakipitia njia za migombani wasionekane. Kadidja hakutania. Alipoletewa kitenge chake alikisukuma nyuma. "Weka. Siku yenyewe haijafika, si ndiyo?"

Na padri alipomuuliza Gaudensia kama moyo wake umevunjika, alijibu, "Tarehe ilikuwa ya yule mtu, Padri. Ufufuko si wake."

Tangu hapo, kila Agosti kabla ya mvua, alikwenda Ngara na jembe. Hakuulizia tena tarehe ya mtu yeyote. Kitenge anacho sandukuni, hajakifunga hata siku moja.

Mwaka huu magoti yamemkatalia. Juzi nilimkuta mlangoni kwake, pale pale, amekwisha kaza mpini. Alinipa jembe mkononi.

"Mama Crispin, mwaka huu uende wewe. Umpalilie Pili, halafu ukae naye kidogo kabla hujarudi."