Muhuri wa Chuo Kilichofungwa

Makena wa Hounslow ni daktari, na asiyeamini akaulize wazee anaowaogesha kila asubuhi kule anakofanya kazi. Hata wao wanajua. Alisomea udaktari miaka mitano kwenye kisiwa kidogo cha Karibi, nchi nzima unayoweza kuizunguka kwa gari kabla chai haijapoa. Akafaulu, akapewa shahada. Miaka miwili baadaye chuo kikafungwa, wenyewe wakatawanyika, jengo likageuzwa hoteli.

Ofisi ya kuandikisha madaktari hapa London haikuwa na neno na alama zake. Ilitaka kitu kimoja tu: chuo chenyewe kithibitishe, kwa barua pepe, kwamba kilimfundisha. Ikampa siku tisini. Zikipita, ombi linakufa na mitihani aliyofanya hapa inakuwa bure. Chuo kipi sasa? Aliiandikia wizara ya elimu ya kisiwa. Wizara ikamjibu aulize chuo.

Kila mchana, saa ya mapumziko, alipiga namba ya zamani ya chuo. Siku ya arobaini ikapokewa na mama msafishaji wa ile hoteli. Mama alimhurumia. Alisema mafaili yalibebwa, hajui na nani, ila kwenye droo moja kulibaki karatasi zenye nembo ya chuo, na muhuri.

Jumapili Makena alimweleza kaka yake Zephaniah, mpakia mizigo wa uwanja wa ndege wa Heathrow.

“Si uko na bahati!” Zephaniah akasema. “Muhuri uko, na bado unalia?”

“Wanataka email kutoka kwa registrar wa chuo, Zephaniah. Hakuna mahali wamesema muhuri.”

“Kwani umesahau kwetu? Barua bila muhuri ni ya kufungia nyama. Chifu mwenyewe bila muhuri ni mzee tu mwenye kofia. Mwambie huyo mama agonge, atume. Kwani ni uongo? Si ulisoma?”

Hapo ndipo alipoponzeka. Uongo haukuwa, alisoma kweli. Lakini sisi tuna ugonjwa huo: tukiona duara la wino, roho inatulia. Makena akaandika barua, mama akaichapisha, akaitia sahihi yake, akagonga, akaituma kwa ile ofisi.

Jibu lilikuja siku ya themanini na nne. Ofisi iligundua kwamba barua iliandikwa chuo kikiwa kimeshafungwa, na kwamba aliyetia sahihi hakuwahi kuajiriwa nacho. Ombi lilikataliwa, na jina la Makena likaingizwa miongoni mwa wanaoshukiwa kughushi. Miaka mitano ya jasho, halafu yeye ndiye mwizi! Alilia chooni kazini, akanawa uso, akampigia yule mama amwage hasira zake zote.

Mama hakumpa nafasi.

“Daktari wangu!” akapokea kwa Kiingereza cha kwao, sauti imejaa furaha. “Wamekukubali, sivyo? Wenzako wa darasani wamesikia habari ya barua. Sita wameshanipigia, kila mmoja anataka barua kama yako. Zao nimeziweka mezani hapa, muhuri ninao mkononi.”

Makena akisema, darasa zima litajua kabla ya jioni kwamba anaitwa mghushi. Asiposema, wanaoitwa waghushi watakuwa saba.

“Usigonge, mama,” akasema. “Waambie nimekataliwa, na sababu ni barua hiyo. Wakibisha, nitaje kwa jina.”