Jumatano Niliyomuua Shangazi

Shangazi yangu nilimuua Jumatano asubuhi, kwa ujumbe wa simu, mswaki ukiwa bado mdomoni. "Wapendwa, nimefiwa na shangazi. Kesho sitaweza kuja Muleba." Nikautuma kwenye kundi letu, nikaketi kitandani, nikasikia raha. Mungu anisamehe, ilikuwa raha tupu.

Kazi yangu lazima niieleze, maana hata shangazi mwenyewe mpaka leo haielewi vizuri. Mimi ni kocha wa biashara. Siku ya kwanza nilipofika Muleba, mzee mmoja wa sokoni aliniuliza timu yangu iko daraja la ngapi. Wateja wangu ni watu wenye saluni, maduka, meza za dagaa, wanunuzi wadogo wa kahawa. Nakaa nao, nawasikiliza, nawauliza maswali mpaka wenyewe waone wanakwama wapi. Bukoba nina chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na Muleba nina kikundi cha wanawake kumi na wawili ninaokutana nao kila Alhamisi katika ukumbi nyuma ya soko. Kazi naipenda. Naliweka hilo mapema, mtu asije akadhani nilikuwa naikimbia.

Kilichonimaliza ni simu. Saa kumi na moja alfajiri: "Kocha, samahani, ng'ombe bado sijamkamua, nikaona nikuwahi." Mchana nikiwa na kijiko mdomoni: "Kocha, mteja ndiye huyu hapa, amekataa bei, nimjibu nini?" Nami nilipokea. Zote. Niliona fahari kabisa kuwa mtu asiyekosekana. Na kichekesho ni kwamba mwenyewe nilikuwa na somo zima la kuwafundisha wafunge duka saa inayoeleweka, wale, walale. Nilichora hata saa ubaoni. Siku moja nikiwa mbele ya saa hiyohiyo, kalamu mkononi, nilisahau nilikuwa nasema nini. Nikawageukia wale wanawake kumi na wawili nikakuta kichwani hamna kitu. Nikawaambia tupumzike kidogo, nikaenda chooni, nikalia kimyakimya kwa kuwa simu ilikuwa inaita mfukoni. Nikanawa uso, nikarudi kuendelea na umuhimu wa kupumzika.

Sasa huku kwetu upo udhuru mmoja tu usioulizwa maswali. Ukisema umechoka, unaambiwa pole, halafu shida yao inafuata hapohapo. Ukisema unaumwa, wanauliza umekunywa dawa gani, halafu shida yao inafuata. Ukisema umefiwa, simu inanyamaza. Hata kijijini jirani akifa jembe huwekwa chini, na hakuna anayelima kibanja chake, lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, mpaka marehemu azikwe. Mwezi uliotangulia alikuwa amefariki mzee mmoja kule Kashozi, jirani wa shangazi. Nilikwenda, nikaosha masufuria siku tatu pamoja na wanawake wengine, na katika siku hizo tatu hakuna aliyenipigia. Nilirudi Bukoba mwepesi kama niliyetoka harusini. Wiki moja baadaye nikajikuta natega sikio kila simu ilipoita, nikitamani iwe ni habari ya msiba. Nani hasa, sikujali. Ndipo nilipojua nimeharibika.

Mtu mwenye akili angesema hapana. Mimi nikaua mtu.

Na sina mashangazi wengi wa kuchezea. Ninaye mmoja, dada wa marehemu baba, aliyenilea tangu darasa la tatu. Nilipotuma ule ujumbe sikumfikiria hata kidogo. "Shangazi" lilikuwa neno tu lililokuja. Halafu nikapanda gari, nikaenda wapi? Kwake. Hakuna mahali pengine ninapoujua usingizi.

Alikuwa barazani akichambua maharage. Kuniona tu akasimama, mkono kifuani. "Nani kafa?"

Alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu kwa miaka miwili nilikuwa nafika Kashozi kwa misiba tu. "Hakuna, shangazi, shikamoo," nikasema. "Nina kazi kidogo huku jirani." Uongo wa pili, na hata saa sita ilikuwa haijafika. Nikaingia chumba changu cha zamani, nikalala. Nililala mpaka kesho yake mchana. Baadaye aliniambia aliingia mara mbili kusikiliza kama napumua.

Nilizinduliwa na kilio. Kilio cha msiba hasa, cha wanawake wengi, kikitokea barabarani na kuja upande wetu. Nikakaa kitandani nikisema moyoni, jamani, huyu naye ni nani? Ndipo nikasikia sauti moja niliyoijua. Ya mwenyekiti wa kikundi cha Muleba.

Ningejuaje kwamba watakodi gari? Lakini kwa nini nisijue? Mtu wako akifiwa unakwenda, ndivyo tulivyo wote. Na kwa shangazi hapakuwa siri, kwani nilikuwa nimewasimulia darasani mara kumi kuhusu mama wa Kashozi, jirani na kanisa, aliyenisomesha kwa kahawa yake. Walikuwa wamefunga meza zao siku ya soko, wakapanda gari tangu asubuhi na mikungu ya ndizi, sukari na mzigo wa kuni, wakapita Bukoba mpaka Kashozi kunifariji. Na hao ndio watu niliokuwa nawaambia kila Alhamisi kwamba mfanyabiashara akishikwa na uongo mmoja, hata ukweli wake hauna mnunuzi. Nilichungulia dirishani nikijua kwamba wakirudi Muleba na hasira, mimi si kocha wa mtu tena, Muleba wala Bukoba.

Shangazi alikuwa kibanjani na mundu wake, akikata majani makavu ya migomba. Mwenyekiti, mjane wa makamo anayeuza dagaa na asiyemeza neno, alinyamazisha kilio ghafla akamkaripia. "Mama, jirani yako kafiwa, wewe unafanya kazi? Huku Kashozi hamna adabu ya msiba?"

"Waitu, jamani, sina habari," shangazi akajibu, akiangusha mundu. "Kafiwa nani?"

"Kocha wetu. Kafiwa na shangazi yake."

Shangazi alizitazama khanga zao, akaitazama mikungu, akalitazama dirisha langu. "Shangazi yake ni mimi," akasema. "Na yeye amelala humo ndani. Ngojeni awaambie nimekufa lini."

Loo! Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua kwamba huwa inaishia mlangoni kwako. Nilitoka nimejifunga khanga, alama za mto shavuni. Nilikuwa nimekwisha kupanga uongo wa tatu, kwamba kuna shangazi mwingine, wa kijiji cha Kaagya. Ulikuwa tayari ulimini. Nikawaona wale wanawake, macho yao mekundu kwa ajili yangu, ukanishinda.

"Nimedanganya," nikasema. "Hakuna aliyekufa. Nilikuwa nimechoka, sikujua niseme nini."

Mwuza maandazi, aliyekuwa amesimama nyuma, alitua kuni zake chini kwa kishindo. "Nimemwaga unga nilioumua," akasema, "nikuletee kuni za msiba wa mtu mzima anayekata majani?" Akarudi kukaa ndani ya gari. Alikuwa na haki, na kwenye kikundi hakurudi mpaka miezi miwili ikapita.

Mwenyekiti hakuondoka. Alinisogelea akanitazama kama anavyokagua dagaa. "Umechoka tangu lini?"

Nilitaka kusema tangu wiki hii. Mdomo ukasema, "Tangu mwaka juzi." Hapo nikalia, kilio kibaya, cha kwikwi na makamasi, na kwa kuwa walikuwa wamekuja kulia, wawili watatu wakalia na mimi. Kisha mmoja akacheka. Akaambukiza wengine. Shangazi ndiye pekee ambaye hakucheka.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mwenyekiti akasema. "Wewe umeumbuliwa na kifo cha mtu mzima wa afya. Lakini nikuulize, kocha. Unadhani tunakupigia alfajiri kwa nini?"

"Mna shida."

"Tunakupigia kwa sababu unapokea! Mimi nilianza biashara ya dagaa wewe ukiwa shule ya msingi. Usipopokea, nitafikiri mwenyewe. Ungesema hapana tungenuna siku moja, basi."

Miaka miwili nilikuwa nimebeba mzigo ambao hakuna aliyenitwika. Ningekasirika, lakini sikupata nafasi; mwili wote ulikuwa umelegea kwa nafuu. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Ndizi hazirudi Muleba," shangazi akakata maneno, na hilo ndilo likawa neno lake la kwanza kwetu tangu atoke kibanjani. Tukamenya, tukapika, tukala. Walimtania marehemu kwamba ana mkono mzuri wa kupika. Kabla ya kupanda gari mwenyekiti alitangaza, bila kuniuliza, kwamba Jumatano ni siku ya jembe chini: simu ya kocha inazimwa, na mwenye shida ampigie yeye. Simu za alfajiri nazo zikafutwa. Wateja wa Bukoba niliwaambia mwenyewe Jumatatu. Mmoja alikwenda kwa mtu mwingine. Waliobaki walisema sawa.

Gari lilipoondoka nilibaki na shangazi nikikusanya maganda. Niliogopa kimya chake kuliko hasira ya mwuza maandazi. Nikamwomba msamaha.

"Kufa nitakufa tu," akasema bila kuniangalia. "Kilichoniuma si hicho. Ulikuja umelemewa hivyo, nikakuuliza, ukaniambia una kazi. Mimi, niliyekulea. Nikifa kweli nani atakufungulia mlango ulale?"

Nilimsaidia kupeleka maganda kwa mbuzi.

Jumatano iliyofuata niliiacha simu mezani Bukoba, nikapanda gari la Kashozi. Kiganja changu kiliitafuta njia nzima. Alikuwa barazani, ungo mapajani, na aliponiona akasimama, mkono kifuani, kwa mazoea.

"Nani kafa?"

"Hakuna, shangazi. Nimechoka tu."

Akaketi tena, akauvuta ungo wake. "Basi ingia ulale."