Daftari la Mtani

Niseme wazi tangu mwanzo: nilimwonea wivu. Watu wengine husimulia ujana wao wakasema kulikuwa na ushindani mwema. Wangu haukuwa mwema hata kidogo.

Tulikuwa wanachuo wa ualimu pale Morogoro, miaka ile ya Ujamaa, tukilala chumba kimoja, kitanda changu dirishani na chake mlangoni. Mimi Mluguru wa Mgeta, yeye Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo tulikuwa watani hata kabla hatujajuana. Siku ya kwanza aliitazama milima kupitia dirisha langu, akauliza kama kule juu kwetu watu hulala wamejifunga kamba wasiporomoke. Nikamjibu kwamba kamba tuliziazima kwa babu zake, walipochoka kubeba mizigo ya watu. Tukacheka, tukawa marafiki.

Nilikuwa na mambo mengi. Redio za nusu ya Bigwa, mtaa uliokuwa jirani na chuo, nilizitengeneza mimi, kwa koleo moja na chuma cha kulehemu nilichokipasha kwenye mkaa. Nilikuwa na gitaa nililolitia nyuzi za breki ya baiskeli. Nilichora katuni za gazeti la ukutani. Na niliandika, au tuseme nilianza kuandika: chini ya godoro nilikuwa na hadithi kumi na moja, hakuna hata moja yenye mwisho. Masomo yalipata muda uliobaki.

Yeye alikuwa na daftari moja la jalada la bluu. Alisoma, akala, akatunga mashairi, basi. Wenzetu walinisifu mimi kwa kila kitu na yeye kwa kimoja, na hicho kimoja ndicho nilichokitaka. Mshika mawili moja humponyoka, na mimi nilishika matano.

Ilipotangazwa kwamba chuo kitapeleka ngonjera moja kwenye kijiji cha ujamaa karibu na Mikese, isomwe mbele ya mgeni rasmi, niliapa itakuwa yangu. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa wiki mbili. Wiki ya kwanza iliishia kwenye redio ya mwenye duka mmoja, iliyokuwa ikikoroma tu. Ya pili nilitunga beti nne. Mwenzangu alishafika kumi na mbili. Nilijua, kwa sababu alipokwenda kuoga nilizisoma.

Zilikuwa nzuri. Nilikaa kitandani kwake nikazisoma tena. Ubeti wa tatu ulilegea na wa saba ulikuwa mahubiri matupu, lakini kwa zile nyingine ningetoa gitaa, koleo na kila kitu, ili mradi ziwe zimetoka kwenye mkono wangu. Zilibaki siku tatu. Nikalichukua daftari nikalitia chini ya godoro langu, pamoja na hadithi zangu zisizo na mwisho.

Hapo ndipo nilipouharibu utani. Mtani anaweza kukuchukulia kuku, shati, hata sahani ya ugali iliyo mbele yako, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Kwa hiyo sikujificha. Mchana, bwaloni, mbele ya wote, nilitangaza kwamba daftari la Mnyamwezi ninalo mimi na nitaliwashia moto wa maharage. Bwalo zima likaangua kicheko. Na yeye akacheka, ila mkono wake ulisimama juu ya sahani.

"Umelichukua kwa utani?" akaniuliza.

"Kwa utani."

"Basi."

Akaendelea kula. Desturi haikumruhusu kuuliza tena. Nilikuwa nimemziba mdomo kwa kitu ambacho wazee wetu walikiweka ili watu wapatane, na nililijua hilo maharage yakiwa bado mdomoni.

Baada ya chakula tulikwenda kulima bustani ya chuo, maana siku hizo mwalimu bila jembe hakuwa mwalimu. Yeye alikuwa tuta la pili kutoka langu. Nikamsikia ananong'ona. Alikuwa analima kwa mizani: nane, jembe linashuka; nane nyingine, linashuka tena; akifika kwenye kina anavunja bonge. Daftari lote lilikuwa kichwani mwake. Siku tatu alilima hivyo, na jioni aliandika kwenye karatasi alizoomba kwa wenzetu. Mbili nilimpa mimi. Ningekataaje?

Ngonjera yake ndiyo iliyochaguliwa. Kule kijijini kazi yangu ilikuwa kipaza sauti, nilichokiunganisha na betri ya lori, na wanachuo walipoanza kujibizana nilisimama mkono wangu ukiwa kwenye swichi. Sitasema sikuwaza kuizima. Nikasikiliza: ubeti wa tatu haupo. Wa saba haupo. Alipozitafuta kichwani, zile mbovu zilikuwa zimeanguka zenyewe. Akina mama walipiga vigelegele, na mwalimu wetu akasema hakuona neno la kupunguza. Sauti ilifika mpaka barabarani, wala hakuna aliyemsifu mtu wa betri.

Kuanzia siku hiyo nilingoja alipize, maana mtani aliyechukuliwa ana haki ya kuchukua. Nilificha koleo, gitaa nikalifungia sandukuni kwa rafiki. Miezi ikapita, hakugusa kitu. Hilo nalo likaniudhi: kwamba katika vitu vyangu vyote hapakuwa na alichokitamani.

Siku tuliyomaliza chuo, sanduku lake la bati likiwa tayari mlangoni kwa safari ya treni, aliinua godoro langu mbele ya chumba kilichojaa watu. Daftari la bluu lilikuwa pale pale. Aliliona, akalisogeza kando, akachukua karatasi zilizokuwa chini yake. Ilikuwa hadithi ya mama yangu akishuka mteremko wa Mgeta na tenga la kabichi kichwani, akiwahi lori la Dar. Ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

"Hii nimeichukua kwa utani," alisema. "Ukiitaka, itafute kichwani."

Watu wakacheka, na mimi ikanibidi nicheke.

Nilirudi Mgeta kungoja kupangiwa shule. Masika ilifunga barabara, malori hayakupanda, na redio ya kutengeneza haikuwepo. Nilikuwa na hasira tu. Nikakaa jikoni kwa mama nikaitafuta hadithi ile. Kati ya kurasa nane za awali zilirudi mbili tu, kisha yakaja mambo ambayo sikuwahi kuyaandika, mpaka mama akafika chini, lori limeshaondoka, akaketi juu ya tenga lake akaanza kucheka. Hapo ikaisha. Gazeti moja likaichapa.

Watu bado huniambia kwamba sijaandika nzuri kuliko ile. Nawashukuru, na moyo unaniuma, kwa kuwa najua nani aliyenifanya niimalize. Sijui kama aliichukua kwa utani wa kweli au alikuwa ananifundisha, na kwa yote mawili sijamsamehe. Daftari lake ninalo kabatini, chini ya mashuka. Kila nikisikia shairi lake likisomwa redioni, nalitoa, nafungua ubeti wa tatu, halafu wa saba, nasoma polepole mpaka roho inatulia.