Rimu Zilizopimwa Nyuma

Mke wangu aliacha kupanda gari letu siku breki zilipochoka kwenye mteremko, tukitoka Ipelele kwa mama yake. Pedali ilizama hadi chini, harufu ya kuungua ikajaa ndani, nami nikalisimamisha gari kwa gia na kwa kulisugua kwenye ukingo wa barabara. Alishuka, akajifunga khanga vizuri, akaenda kwa miguu. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alisema tu, "Siku litakaposimama sawasawa, nitapanda."

Basi nikaamua kuweka breki kubwa magurudumu ya mbele. Fundi wangu wa Njombe alifunga diski pana na kalipa mpya, yaani yale mabano ya chuma yanayobana diski, manene kuliko ya zamani. Kisha akachukua rimu yangu ya siku zote ili airudishe. Ikagoma. Akaisukuma kwa goti, ikagoma. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeitengeneza.

"Hii haiingii, bosi. Kalipa imejaa."

"Hukuliona hilo kabla ya kufunga?"

"Si ndiyo tumeona sasa," akajibu, akaenda kunywa chai.

Gari likabaki juu ya magogo. Na Jumapili ya wiki ile binti yetu, anayeishi kwa bibi yake huko Ipelele, alikuwa anapata kipaimara. Gauni lake jeupe lilishonwa hapa mjini, limepigwa pasi, linaning'inia mlangoni kwetu. Mke wangu alisema atakwenda nalo kwenye basi. Mimi nilitaka twende pamoja kama baba na mama, tushuke wote mbele ya kanisa. Sikutaka zaidi ya hapo.

Kaka yake, shemeji yangu, mtu asiyewahi kukosa jibu, alinipeleka Makambako kwa muuza rimu za mtumba.

"Kamwene, baba," muuzaji alinisalimu. "Gari lako linataka inchi kumi na saba. Hizi hapa, kubwa."

Nikamwambia ukubwa ninauona, shida yangu ni nafasi ya ndani, pale mikono ya rimu inapopita karibu na kalipa. Akaigonga rimu kwa funguo, kama anayechagua tikiti maji. Shemeji akadakia, "Shemeji, unanunua rimu au unapima shamba?"

Nilishikilia msimamo wangu. Tukakubaliana niende na moja, nikaijaribu, ndipo nichukue zote.

Tulifika Njombe mvua nyembamba ikinyesha, ile ya baridi inayoingia hadi kwenye mifupa. Bati la gereji lilikuwa limeishia katikati ya gari. Mbele kunalowa, nyuma kukavu. Hakuna aliyeamua lolote. Sote watatu tulichuchumaa tu pale penye ukavu, fundi akaipachika rimu nyuma, akaizungusha kwa kidole. Ikazunguka bila kugusa kitu. Shemeji akapiga makofi. Tukarudi Makambako kuchukua zilizobaki.

Watu wazima watatu, na hata mmoja hakukumbuka kwamba breki za nyuma hazikuwa zimeguswa!

Ijumaa kulipokauka, fundi aliipeleka rimu mbele. Iliingia nusu, kisha chuma kikagonga chuma.

"Spesa," alisema shemeji. "Weka spesa, kile kibati cha kati, rimu isogee nje."

"Au niiparue kalipa kidogo na grenda," alisema fundi. "Kidogo tu."

Hapo nililipuka. Niliwauliza kama wana akili timamu. Nimeweka breki ili mke wangu arudi kwenye kiti chake, wao wanataka kuzichonga ili rimu ikae! Nilisema na mengine ambayo hayafai kuandikwa na mzee wa kanisa. Shemeji akainama, akaanza kuivua rimu ile mwenyewe.

Nikachukua boksi la parachichi, nikakata kipande kwa kufuata umbo la kalipa, kutoka pale rimu inapokalia hadi kwenye nundu yake ya mwisho. Nikakifunga kwenye mfuko wa nailoni, maana mvua ya kwetu haina adabu, nikapanda basi peke yangu na zile rimu mbili za mbele. Kwa muuzaji nilikizungusha ndani ya kila rimu. Kilikwama, kikakwama, kikakwama. Wateja wengine walisimama kunitazama. Chini kabisa ya rundo nikapata mbili za kijivu, mbaya za kutazama, mikono yake imejipinda kuelekea nje. Boksi likapita na nafasi ya kidole ikabaki. Nikabadilishana mbili kwa mbili.

"Haipendezi," alisema fundi alipomaliza. Nikamlipa.

Jumapili alfajiri nilimkuta mke wangu getini, gauni mkononi, anaelekea stendi. Alilizunguka gari lote. Mbele kijivu, nyuma za kung'aa.

"Nenda juu kule," akaonyesha kilima cha nyumbani kwetu. "Ushuke."

Nikaenda. Nilipogeuza, nilimwona amesimama chini ya mteremko, katikati ya njia, amekumbatia gauni. Nilitaka kumpigia kelele aondoke. Nikashuka mdogo mdogo, nikakanyaga breki mapema. Gari likasimama mbali naye, palepale, bila kuteleza.

Akaja taratibu hadi dirishani kwangu.

"Mbona hazifanani?" akauliza.

Kisha akafungua mlango wa nyuma, akatundika gauni.