Sindano ya Mionzi Iliyomkimbiza Komandoo

Mume wangu alinikimbia kwa sababu ya sindano.

Simaanishi kwamba aliniacha. Alihamia sebuleni na godoro lake, akaziba chini ya mlango wa chumbani kwa taulo, mimi nikiwa ndani.

Na huyo ndiye kazini kwake wanayemwita Komandoo. Ni fundi umeme, anapanda nguzo mvua inanyesha.

Mimi nilikuwa na saratani ya titi. Kabla ya upasuaji, daktari alitaka kujua kama imeshafika kwenye tezi za kwapani. Nikachomwa dawa yenye mionzi kidogo pembeni ya titi. Dawa hiyo inapita njia ileile ambayo saratani ingepita, inatuama kwenye tezi ya kwanza, na kesho yake daktari anaitafuta kwa kifaa kinacholia.

Tezi ikiwa safi, afueni. Ikiwa chafu, jamani, hata kuwaza nilikuwa siwezi.

Nilichotaka ni mtu wa kunishika mkono tu.

Muuguzi alimweleza Komandoo kwamba dozi ni ndogo, haimdhuru, alale na mkewe kama kawaida. Akaitikia vizuri kabisa. Kufika nyumbani, akanitangaza kwenye grupu la familia kama mtungi wa gesi unaovuja. Wifi yangu akashauri nisiguse rimoti. Shemeji akauliza kama nimeanza kung'aa. Komandoo akaja kuchungulia dirishani, akawajibu kwamba bado.

Nilicheka, halafu nikalia.

Asubuhi alinipeleka hospitali nimekaa kiti cha nyuma, vioo vyote vimeshushwa. Kabla sijaingizwa chumba cha upasuaji, akamvamia daktari, akadai naye apimwe na kile kifaa.

"Mke wangu ameniambukiza mionzi, daktari. Tayari nina uvimbe kifuani."

Daktari akacheka, akakipitisha kifaa. Kimya. Kisha akabonyeza nyuma ya chuchu, na kicheko kikamkauka.

"Huu una muda gani?"

"Tangu jana."

"Mzee, uvimbe mgumu hivi hauoti kwa siku moja. Niambie ukweli."

Komandoo akaangalia sakafu. Akasema anao tangu kabla ya wangu. Alidhani saratani ya titi ni ya wanawake tu, akaona aibu. Wenzake kazini wangemwonaje?

Mimi nilisahau hata upasuaji wangu. Nilimkasirikia na kumhurumia kwa pamoja.

Tezi yangu ilikutwa safi, namshukuru Mungu.

Baadaye vipimo vikaonyesha naye ana saratani ya titi, ikawa zamu yake, akachomwa dawa ileile. Nilipoingia chumbani akaniambia taratibu, "Usinisogelee mke wangu, nina mionzi."

Nikakaa kitandani, nikamshika mkono.

Tezi yake ilikutwa chafu. Sasa anatibiwa, na bado hatujajua mwisho wake.

Kaka zangu mnaosoma hapa, na nyinyi mna matiti. Jikagueni leo. Mume wangu aliogopa mionzi yangu ya siku moja, huku uvimbe wake ameulea kwa miezi.