Baba Yetu Moja, Halafu Demarere

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilivaa shati ya mikono mifupi. Hapa kwetu Kalemie shati ile inatosha hata mwezi wa saba. Lakini kazi ilikuwa juu kule Marungu, milima iliyo nyuma ya Moba, kwenye ferme, shamba kubwa la ng'ombe na viazi. Asubuhi majani yote ilikuwa nyeupe kwa baridi. Nilitetemeka mpaka shefu wa garaje akauliza kama malaria nimekuja nayo ndani ya valizi ya nguo.

Masomo niliyaachia mwaka wa pili wa sekondari. Hesabu ilinishinda, lakini kwa kuongea nilikuwa wa kwanza. Basi nikamuambia shefu kama trakteri zote nazijua. Za Kalemie, kweli: unageuza ufunguo, inawaka. Wakanipa juma moja ya esee, maana yake kupimwa. Nikifaulu, nabaki. Nikishindwa, nashuka Moba kutafuta boti ya kurudi. Na kanisa nzima nilikuwa nimekwisha kuiaga kwa machozi.

Trakteri yenyewe ilikuwa muzee kunipita. Shefu, Mukatoliki wa Moba, alinieleza bila haraka. Motere ya mazuti, yaani dizeli, haina cheche kama ya esansi, ile petroli. Inashika moto sababu hewa inabanwa mpaka inachemka. Kukiwa baridi, chuma inakunywa ile joto yote. Njo maana kila silindri ina buji yake, kijiti cha chuma ambacho batri inakipasha mpaka kinakuwa chekundu. Kikiiva, unaita demarere, ile inayozungusha motere.

"Papa Shefu, napasha muda gani?"

"Hapa hatuna saa, tunapima kwa sala. Shika ufunguo, sali. Ukisema amina, washa."

Kwa Wakatoliki wa kule, sala ya ufunguo ilikuwa Baba Yetu moja, na kila muntu alijua hivyo. Sisi wa Kalemie, kaskazini kwenye ziwa, kanisani kwetu kila mumoja anaomba kwa maneno yake mpaka moyo utosheke.

Kesho yake nikashika ufunguo, nikafunga macho. Niliombea boti iliyonileta. Niliombea mama, halafu muguu wa shangazi, halafu wote wasio na kazi. Nilipofika kwa ng'ombe wa ferme nikasikia harufu ya kuungua. Nikafikiri moto wa mbinguni umeshuka kweli.

Shefu alifika mbio, akafungua buji moja moja. Zote nne, ncha imeyeyuka. Batri nayo imekufa.

"We! Ulisali nini? Biblia nzima?"

"Papa, nilikuwa bado sijafika amina."

Hakucheka. Alileta mbabula, jiko la makaa, akangoja moshi uishe, akaisukuma chini ya karteri, lile tumbo la mafuta ya motere, mbali na mupira unaopitisha mazuti. Radiatere tukaijaza maji ya moto. Tukangoja saa nzima. Kisha wachunga ng'ombe wakaisukuma kwenye muteremko, shefu akaingiza vitesi, yaani gia, trakteri ikakohoa moshi mweupe, ikaamka.

Direktere wa ferme akatoka ndani ya biro, ofisi yake.

"Nani ameunguza buji?"

Shefu aliangalia milima. Ningeweza kusema zilikuwa za zamani; ilikuwa kweli, hata. Mawazoni nikaiona boti ya Moba.

"Mimi, Direktere. Niliomba sana."

"Sana mpaka wapi?"

"Nilikuwa kwa ng'ombe wako."

Akamugeukia shefu. "Unasemaje juu ya huyu?"

"Kazi haijui," shefu akasema. "Lakini yule aliyeshika kazi kabla yake, kila kilichokufa mukononi mwake alisema ni cha zamani. Mimi nahangaika siku tatu kutafuta ugonjwa. Kwa huyu nimejua ugonjwa saa ile ile."

"Basi abaki. Maombi amalizie nyumbani."

Nilibaki mpaka magoti yakakataa, na mwisho mimi njo nilikuwa shefu wa garaje. Siku hizi mashini ina taa ndogo, ikizimika unawasha motere, na mimi sina kijicho. Wapya wote niliwafundisha mambo mawili: ukishika ufunguo hesabu polepole mpaka makumi mbili, na ukiharibu, sema kabla chuma haijapoa. La kwanza walishika siku moja. La pili, wengine walishuka Moba bila kulishika.