Mguu wa Kuku wa Mzee Zabron

"Wewe Anjela, hiyo alama ya Mzee Zabron umepewa na nani?"

Aliyeuliza ni Mama Sele, jirani yetu muuza maandazi, siku Anjela alipopita uani kwake na fulana mpya. Kifuani palikuwa na duara jeusi, na ndani ya duara vidole vitatu, kama mguu wa kuku aliyekanyaga matope.

"Hii ni logo yangu, mama. Ndiyo chapa yangu binafsi. Mwalimu kaisifu mbele ya darasa zima."

"Yako! Basi na mimi kuanzia kesho niiteni mkuu wa wilaya."

Tulicheka. Mimi nilikuwa pale nachambua mchicha, nikacheka na wenzangu. Anjela naye alicheka, ila nilimwona akivuta mtandio kufunika kifua.

Anjela ni binti wa marehemu Luka, aliyekuwa mkata mkonge, na tunasali usharika mmoja hapa Muheza. Yuko mwaka wa pili kwenye chuo kimoja Tanga mjini, anasomea ubunifu wa michoro, yaani matangazo, nembo na maandishi ya bidhaa. Ni mtoto wa adabu. Haya ninayoyaandika ameniruhusu mwenyewe.

Chuoni walipewa kazi: kila mwanafunzi ajitengenezee nembo ambayo mtu akiiona tu, kabla hajasoma jina, anajua huyu ni fulani. Anjela akahangaika wiki tatu na herufi A. A yenye kofia, A yenye jani, A iliyolala. Mwalimu akizitazama anasema, "Hizi ni za mtu yeyote. Wewe uko wapi?"

Lile neno lilimchoma. Akarudi nyumbani Jumamosi, akamkuta Mzee Zabron, jirani yao muuza machungwa, anapaka alama yake kwenye viroba vya machungwa kwa brashi ya nyuzi za mkonge. Akapiga picha kwa simu. Jumatatu alikuwa ameshaisafisha kwenye kompyuta, imenyooka, imependeza. Mwalimu alipomuuliza imetoka wapi, akajibu, "Kichwani mwangu."

Asiyeijua Muheza atasema alama ni alama tu. Lakini lori moja hubeba machungwa ya watu sita au saba mpaka Dar, na kule sokoni wabebaji hawasomi majina, wanasoma alama. Nyota ya huyu, panga la yule, mguu wa kuku wa Mzee Zabron. Hazikuandikishwa ofisi yoyote, wala hazina kufuli. Hata hivyo tangu niolewe hapa sijasikia mtu kachukua ya mwenzake. Na hii ya Mzee Zabron ina heshima yake. Wapo wanaopanga makubwa juu na madogo chini. Yeye, toka alipoteremka kutoka Lushoto akiwa kijana, kiroba chake juu na chini ni mamoja. Wanunuzi hukichukua bila kukifungua.

Sasa kuna kijana anaitwa Edgar, ndiyo kwanza anaanza biashara ya machungwa. Aliiona ile nembo mtandaoni, Anjela alikoiweka kama yake, akamfuata. "Dada, alama kali hiyo! Si umesema ni yako? Nikatie na mimi nipige kwenye viroba vyangu."

Mteja wa kwanza! Anjela akafurahi, akaikata kwenye filamu ya zamani ya eksirei, ile ambayo ukiilaza juu ya kiroba unapitisha rangi mara moja tu. Baadaye aliniambia: "Nilijua, Mama Ritha. Nikajisemea ni mambo ya rangi tu."

Machungwa ya Edgar mengi yalikuwa ya kuokota chini ya miti. Akayapakia lori moja na ya Mzee Zabron, na wapakizi walipoona mguu wa kuku wakadhani yote ni ya mzee.

Wiki ile ile simu zikaanza. Wanunuzi wanamtukana mtu mzima wa miaka zaidi ya sabini: Zabron, umeanza utapeli uzeeni? Viroba arobaini, nusu vimeoza! Yeye alikuwa amepakia ishirini. Safari iliyofuata viroba vyake vilishushwa sokoni vikakaa pale pale, hakuna aliyevigusa.

Mzee hakumshuku mtu. Alijishuku mwenyewe.

Jumamosi, Anjela akiwa nyumbani, mzee akapiga hodi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nina shida. Macho yameniacha, napakia uozo sioni. Na kichwa nacho. Wananiambia arobaini, mimi nakumbuka ishirini. Njoo unichagulie, wewe una macho ya kompyuta." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeomba chakula.

Anjela akaenda. Alikaa kwenye kigoda tangu asubuhi hadi adhuhuri, anageuza chungwa moja moja, na mzee pembeni yake.

"Na hilo?"

"Zima, babu."

"Usinionee huruma. Sema kweli."

"Ni zima, babu. Yote mazima."

Mzee akalirudisha chungwa kirobani. "Basi si macho, ni akili. Msimu huu ukiisha naacha. Mtu asiyejua alichopakia hafai kuuza chakula cha watu."

Anjela alinijia jikoni, akanieleza yote. "Nimeiba jina la mtu, Mama Ritha, na bado ananiita mjukuu." Tukaomba, sala fupi, maana kulia kulimzidi. Kisha akasema, "Nenda wewe ukamwambie. Wewe atakusikiliza."

Nusura nikubali, kwa jinsi nilivyomwonea huruma. Nikamwambia, "Nitakusindikiza, mwanangu. Kusema utasema wewe."

Kwanza tulipita kwa Edgar kuichukua ile filamu. Akaitoa bila ubishi, tena anatabasamu. "Dada, mimi kosa langu nini? Si wewe uliyesema ni yako?" Anjela akaichukua filamu, tukatoka. Njia nzima alitembea anatazama miguu yake.

Mzee Zabron tulimkuta anashona midomo ya viroba. Anjela hakukaa kwenye kigoda. Alikaa chini, kwenye vumbi, akaweka ile filamu mbele yake, akasema yote: picha ya simu, fulana, mwalimu, Edgar. Hakuinua uso hata mara moja.

Mzee aliiokota filamu, akaitazama kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo mimi nilipakia ishirini?"

"Ishirini, babu."

Akashusha pumzi, akajishika kichwa kwa mikono miwili, kama anahakikisha kipo. Nilidhani atamfokea. Ingekuwa afadhali.

"Mwalimu wako alikusifu?"

"Ndiyo, babu."

"Ulimwambia ni yangu?"

"Hapana. Jumatatu nitamwambia, mbele ya darasa."

Mzee akarudia kushona kiroba. "Mwalimu ni mmoja. Hawa wa Dar nikiwapigia mimi hawataniamini. Tapeli gani hasemi kaibiwa alama?"

Sindano ikapita mara mbili, mara tatu. Anjela akajifuta uso kwa mtandio, akatoa simu yake.

"Babu," akasema, "naomba unitajie namba za wanunuzi wako wote, niwapigie mimi mwenyewe, mmoja mmoja, nikiwa nimekaa hapa hapa unanisikia."